Nywele Zilizobaki Siku ya Kunyoa

Sijui nianzie kwa nywele au kwa mtoto. Nikianzia kwa nywele, mtu atasema nilipenda nywele kuliko mtoto, na hilo ndilo linalonisumbua. Nikianzia kwa mtoto nitakuwa nimejipamba. Basi acha nianzie kwa mume wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemleta.

Ilikuwa miaka ile miwa ilipoanza kulipa. Watu walikuwa wanang'oa mahindi wapande miwa, bati jipya lilimetameta palipokuwa na nyasi, na trekta za kuvuta miwa hazikunyamaza barabara ya Shianda. Mume wangu aliendesha moja ya hizo trekta. Foleni ikiwa ndefu kwenye geti la kiwanda alilala Mumias, na huko Mumias alikuwa amepata mtoto kabla hajanioa. Aliniambia mwenyewe kabla ya harusi. Siwezi kusema alinificha.

Mama wa mtoto aliolewa, akaenda Tanga. Mtoto akabaki na bibi yake, mama mzazi wa huyo mama, na macho ya bibi yakaanza kufifia. Ndipo jioni moja trekta ikaingia bomani na msichana mdogo amekaa juu ya matigadi ya gurudumu la nyuma, ameshika kifurushi cha nguo, na nywele zake zimejaa vumbi la barabara. Alikuwa mkubwa kwa msichana wangu wa kuzaa kwa mwaka mmoja hivi. Nilisema, "Karibu, mama," kama tunavyowaitanga wasichana wadogo, naye akanisalimia vizuri sana, akaingia.

Nywele kama zake sikuwa nimekutana nazo. Zetu ninazijua: unasuka kwa uzi, ukichoka unanyoa. Zake hazikuwa zimenyooka kama za Mhindi wa duka, wala hazikujikunja kama zetu. Ukifumua sweta kuukuu upate uzi wa kufumia nyingine, ule uzi haunyooki, unabaki na mawimbi yake hata ukiuvuta. Nywele zake zilikuwa hivyo, mpaka chini ya mabega. Babu wa babu yake alikuwa Mwarabu, walisema. Mimi sikumwona huyo Mwarabu, nilizirithi nywele tu.

Siku za kwanza nilizichana kavu, kwa kile kitana cha mbao tulichotumia sisi sote. Kuanzia kichwani kwenda chini, kama ninavyojua. Kitana kilikwama, nikavuta, akalia. Nywele zikafura kama manyoya ya kuku aliyetishwa. Jirani akapaaza sauti kutoka upande wa pili wa ua, "Mama, unamchana ama unamchinja?" Akacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua neno litakalofuata jirani huyo akifika kisimani: mama wa kambo ameanza.

Kwa hiyo nilienda Mumias kwa bibi yake. Nataka kuwa wa haki hapa: sikuenda kwa sababu mtoto aliumia. Aliumia, ndiyo, lakini nilienda kwa sababu ya kisima.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni pa duka lao dogo la nafaka. Akanisalimia kwa salamu zao, nami nikajibu vibaya, akaniacha nijibu vibaya. Kisha akasema, "Mwanangu, nakuomba mambo mawili tu. Asile nguruwe, na asichanwe nywele zikiwa kavu."

"La nguruwe ni rahisi, bibi. Sisi hatufugi."

"Basi hilo la pili ndilo litakushinda."

Akamwita mtoto, akamkalisha katikati ya magoti yake. Macho yake yalikuwa yanaangalia barabarani, vidole ndivyo vilivyoona. Akalowesha nywele kwa maji, akazifinya kwa kitambaa bila kuzisugua, akapaka mafuta ya nazi kuanzia chini. Akachana ncha kwanza. Ncha zikifunguka, akapanda juu kidogo. Zikifunguka, akapanda tena, mpaka akafika kichwani, na mtoto hakulia hata kidogo, alikuwa anakula karanga. Akaniambia sabuni ya kipande inazifanya ngumu, nitumie maji ya uwatu uliolowekwa usiku kucha, yale yanayoteleza kama mlenda. Na nisizisumbue kila siku. "Ukizichokoza kila siku zitakuchokoza," alisema.

Basi Jumamosi ikawa siku ya nywele. Nilikinga maji ya mvua kwenye karai, nikanunua kitana cha meno mapana, mafuta ya nazi yakaletwa na mume wangu kutoka Mumias. Wakati wa kuvuna, watu wakichoma shamba la miwa, yale masizi meusi marefu yaliruka mpaka kwetu, yakashuka juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya kila kichwa. Kwenye vichwa vyetu ulipangusa tu. Kwenye nywele zake zenye mafuta yalishika, na ukigusa yalipondeka yakawa wino. Nilijifunza kuyatoa moja moja, kwa ncha za vidole, kabla ya maji. Mama mkwe wangu, ambaye watoto walimwita kukhu, alipita akatuangalia, akasema, "Hizo nywele zitakunywa mafuta kuliko koroboi." Kisha akakaa hapo hapo kwenye kigoda mpaka nikamaliza, akimsimulia mtoto habari za kuku wake.

Nami nilijifunza vizuri. Nisijikane hapo. Mwaka wa pili, nywele zilikuwa zimekaa vizuri, mawimbi yake yalionekana moja moja, ukizisuka mikia miwili zikiwa na maji na ukazifungua asubuhi zilishuka mgongoni zikitulia. Sokoni Shianda wanawake walizishika bila kuomba ruhusa. "Mama, wewe umejua kutunza." "Huyu ni wako kweli?" Sijui kama nilikuwa mtu mbaya kufurahia maneno hayo. Nilifurahia. Nilikuwa mwanamke wa kuacha shule darasa la saba, hakuna mtu aliyewahi kunisimamisha sokoni kunisifu kwa jambo lolote.

Lakini nilikuwa na msichana wangu mwingine. Shuleni wasichana wote walitakiwa kuwa na nywele fupi, na msichana wangu nilimnyoa kwa wembe kila zilipoanza kujaa. Nilipompeleka yule wa nywele ndefu kuandikishwa, nilibeba wembe kabisa kwenye mfuko wa nguo, nikijua nitaambiwa. Mwalimu mkuu akaziangalia akasema, "Hizi hazina shida, zifunge tu." Nikashukuru. Njiani ndipo nilipojiuliza, kama hizi hazina shida, za mwingine zina shida gani? Sikurudi kumuuliza. Jumamosi, nikishamaliza nywele za mmoja, nilimwita na mwingine nikampaka mafuta kichwa kilichonyolewa, nikisugua muda mrefu ili kazi zilingane. Siku moja akaniambia, "Mama, imetosha, unanitoboa."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na sikuwa nimekosea jambo kubwa bado.

Kukhu aliugua mwaka ambao mvua ilichelewa. Wasichana wote wawili walilala kwake, kama ilivyo kwetu wajukuu wa kike wakishakua kidogo. Msichana wangu alikuwa na usingizi mzito, mwenzake alikuwa na usingizi wa paka. Kwa hiyo ni yeye aliyeamka kukhu akikohoa, ni yeye aliyeshika kikombe, na mwishoni ni yeye aliyejua kukhu anataka uji wa mtama na hataki wa mahindi, sisi wakubwa tukiwa tunabishana. Siku kukhu alipokata roho yeye alikuwa ameshika miguu yake. Alilia kwa sauti moja, kisha akanyamaza, akaenda kufungia kuku wa kukhu.

Tulizika. Kwetu, siku chache baada ya mazishi, ndugu hukusanyika kunyolewa. Nywele ulizokuwa nazo marehemu akiwa anaondoka haziendelei kukaa kichwani mwako. Wako watu wa kanisa waliokwisha kuliacha jambo hilo, na siwahukumu, lakini boma letu halikuwa limeliacha. Anayesimamia alikuwa senge, dada mkubwa wa mume wangu, aliyeolewa Navakholo. Senge hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale machache aliyatoa bila kuyapasha moto.

Siku moja kabla, nilimfuata akiwa anapepeta mahindi. Akilini nilikuwa nimekwisha kuona wembe ukipita kwenye nywele zile. Nikasema, "Senge, huyu mtoto mkubwa, tumwache asinyolewe. Kwao hawanyoi."

Akaacha kupepeta. "Kwao ni wapi?"

Nikasema, "Mumias."

"Sawa," akasema. "Wewe ndiye umesema." Akaendelea na mahindi yake.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilidanganya. Ni kweli kwa bibi yake hawana desturi hiyo. Lakini bibi hakunituma. Mtoto hakunituma. Mume wangu sikumuuliza. Nilichukua dini ya watu wengine nikaifunika juu ya nywele kama leso.

Asubuhi ya kunyoa niliamka nikamwosha nywele. Haikuwa Jumamosi. Nilizilowesha, nikazichana kutoka ncha, nikazisuka mikia miwili iliyobana. Alikaa ametulia, hata akafunga macho. Nikafikiri amefurahi kwamba ameokoka. Baadaye nilielewa alifikiri ninaziloweshea wembe, kwa sababu kichwa kilicholowa hunyoleka vizuri, na kila mtoto kwetu anajua hivyo.

Watu walikuja, wakakaa chini kwa mafungu, wanaume huku, wanawake huku. Senge alianza na mume wangu, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume mkubwa, kisha ndugu zake, kisha sisi wake zao. Nilinyolewa. Kisha wajukuu wakapanga mstari, wanasukumana na kuchekeana vichwa. Waliokwisha nyolewa walipakwa mafuta, wakaenda kukaa kwenye mkeka mmoja walikopewa chakula. Msichana wangu alifika akasema kwa sauti kubwa, "Mimi nanyolewanga kwa ajili ya mwalimu. Leo nanyolewa kwa ajili ya kukhu." Watu wakacheka. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Nyuma yake alikuwa amesimama mwenzake. Alikuwa amekwisha kuifungua ile mikia yeye mwenyewe, nywele zimemwagika mgongoni, bado zina maji. Akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa.

Senge akasema, "Wewe inuka."

Akainua uso. "Bado mimi, senge."

"Inuka. Mama yako amesema kwenu si hapa."

Hakusema kwa ukali, na ninaandika hivyo kwa kuwa baadaye watu walimsema vibaya. Alisema kama mtu anayerudisha kitu alichopewa. Mume wangu alikuwa kwenye mkeka wa wanaume, kichwa chake kimenyolewa kinang'aa, akaniangalia, na mimi nilijua anafikiri nilikubaliana na bibi wa Mumias, ndiyo maana hakusema kitu. Mtoto naye akaniangalia. Alikuwa anangoja neno moja tu, niseme "Mnyoeni." Nilifungua mdomo. Nikaona zile nywele, zilivyokuwa zimetulia, zinameta. Nikafunga mdomo.

Akainuka. Hakuwa na mahali pa kukaa. Mkeka wa wajukuu ulikuwa wa walionyolewa, na kwa wageni alikuwa hajawahi kukaa. Akaenda akasimama karibu na banda la kuku. Watoto ni watoto, walianza hapo hapo midomo ikiwa imejaa chakula: "Kichwa cha mgeni! Kichwa cha mgeni!" Msichana wangu alimpiga mmoja wao kofi, nikamkemea yeye. Hata hilo nilikosea.

Kuanzia siku hiyo hakunikubali nimguse kichwa. Hakuwa na adabu mbaya. Nikisema, "Njoo tuchane," alijibu, "La, mama, ziko sawa." Hazikuwa sawa. Wiki ile walichoma shamba la jirani, masizi yakashuka, hakuyatoa. Mafuta hakupaka. Mawimbi yakafungana, nyuma ya shingo pakawa na donge kama kiota. Usiku nililala nikiwaza lile donge, nikajishika: ninawaza donge, siwazi shingo iliyolibeba. Mume wangu akasema, "Mpeleke kwa bibi yake, labda huko atasikia." Nikafurahi, nikitumaini bibi atanitetea.

Bibi alimkalisha mbele yake kama zamani, vidole vikaingia kwenye nywele, vikakwama.

"Ni nini hiki?"

Nikamweleza yote, na nilijitahidi kutoficha upande wangu. Nilipofika mahali pa "kwao hawanyoi" alinyanyua mkono nikanyamaza.

"Mimi nilikuomba mambo mangapi?"

"Mawili, bibi."

"Nguruwe na kitana. Kunyoa nilikutajia?"

"La."

"Sisi hatunyoi kwa ajili ya kifo, ni kweli. Lakini mtoto amelala na huyo mama mpaka amekufa mikononi mwake, halafu unamwondoa msibani kwa jina langu? La tatu hilo ni lako, mwanangu. Usiniletee mimi." Kisha akamuuliza mtoto, "Wewe unataka nini?"

Mtoto akasema, "Nataka kunyolewa kama wengine."

"Basi. Kwani nywele ni sala?"

Tuliporudi kutoka Mumias sikungoja sana. Nilimwomba mume wangu atupeleke Navakholo Jumapili, siku ambayo trekta hazifanyi kazi, naye akaazima baiskeli ya pili. Senge alikuwa anakamua ng'ombe. Hakuacha kukamua. Nilisimama pale na kitambaa kichwani juu ya vijinywele vilivyoanza kuota, nikasema nimekosa, nikasema sikutumwa na mtu, nikaomba amnyoe.

"Siku ya kunyoa ilipita," senge akasema.

"Najua."

Maziwa yakapiga ndoo, yakapiga ndoo. Halafu akasema, "Mtu akiwa safarini, anyolewanga akifika. Tuseme huyu alikuwa safarini."

Mtoto akasema, "Mimi nilikuwa hapo, senge. Nilishika miguu."

Senge akageuka akamwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona meno yake. "Najua ulikuwa. Mama yako ndiye alikuwa safarini. Nenda ulete maji."

Mimi ndiye niliyelowesha lile donge, nikijua hakuna kitana tena. Senge akakata kwa makasi kwanza, kisha wembe mpya, kuanzia paji la uso. Nywele zilianguka kwenye gunia, ndefu, na kila moja ilijikunja ilipofika chini. Nitaandika jambo lililonipitia: nilihuzunika. Mtoto alikuwa ametulia kama mtu aliyeketi nyumbani kwake, na mimi nilihuzunikia kilichokuwa kwenye gunia.

Wembe ulipofika nyuma, senge akasimama. Akaweka mkono juu ya kisogo cha mtoto, akauondoa, akauweka tena. Akamwita mume wangu aliyekuwa anaongea na shemeji yake kwenye ng'ombe. "Wewe! Njoo hapa. Njoo uone kichwa cha mama."

Kisogo kilikuwa kimetokeza nyuma kama ngumi, na juu yake pametambaa mfereji mdogo. Sote tulikijua. Kukhu alikuwa nacho, ndiyo maana kitambaa chake kilikuwa kinateleza kila wakati na yeye kukivuta mbele. Mume wangu hana, senge hana. Msichana wangu hana. Senge alikaa chini kwenye udongo na wembe mkononi, akalia kwa ajili ya mama yake jinsi ambavyo hakulia kwenye mazishi, maana siku ya mazishi alikuwa na kazi. Mume wangu alipitisha kidole kwenye ule mfereji, akasema tu, "Ee." Mtoto akauliza, "Kuna nini? Kuna nini huko nyuma?" akawa anajipapasa mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimekishika kichwa kile kila Jumamosi kwa miaka. Ninazijua nywele zake kama ninavyojua shamba. Kisogo sikuwahi kukijua. Vidole vyangu vilipita juu yake mara ngapi, vikiwa vinatafuta mafundo.

Senge alipojifuta uso alimalizia, akampaka mafuta, akampa kipande cha nyama ya kuku aendelee nacho. Mtoto alikunja gunia mwenyewe. Nilinyoosha mikono nimsaidie, akasema, "Nitabeba, mama." Akalibeba mpaka nyumbani kwetu, akazimwaga kwenye migomba nyuma ya nyumba ya kukhu. Sikumfuata.

Shuleni walimcheka kidogo, kisha wakazoea. Dada yake alizoea mara moja; walikaa wakilinganisha vichwa kwenye maji ya karai. Sokoni wanawake waliniuliza kwa masikitiko, "Mama, ni nini mbaya? Ni mapunye ya kichwa?" Nilijibu kwamba alifiwa na nyanya yake. Wengine walinitazama kama kwamba nimeharibu mali ya watu. Ningetaka kuandika kwamba sikujali.

Nywele ziliota tena, zikiwa na mawimbi yale yale. Zilipofika masikioni nilimuuliza kama anataka nizichane, akasema, "Nitafikiria." Alifikiria msimu mzima wa mvua ndefu. Nilimwona akijichana mwenyewe, amelowesha, anaanzia ncha, mkono ukifika nyuma unachoka. Nilimenya viazi.

Jumamosi moja alikuja, akakaa chini mbele yangu na kunipa mgongo. Nilifuta mikono. Sijui kama alikuwa amenisamehe au ni mkono wake tu haukufika nyuma. Sikumuuliza, na sidhani nina haki ya kumuuliza.